Kuku Wawili na Mguu wa Budeba

Siku Budeba alipovunjika mguu, Chimala ilipata madaktari zaidi ya kumi kabla jua halijazama, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusomea kazi hiyo.

Yaliyomfika yalikuwa hivi. Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, treni za TAZARA ndiyo kwanza zinaanza kupita, na maksai wa Budeba hawakuwa wamewahi kusikia kelele kubwa kuliko ya vyura wa mbuga ya Usangu. Walikuwa wanavuta mkokoteni wa magunia ya mpunga treni ilipopiga honi. Wakafanya jambo ambalo ng'ombe yeyote mwenye akili angefanya: wakakimbia. Mkokoteni ukapindukia mtaroni, gurudumu likamlalia Budeba mguu wa kulia chini ya goti. Mfupa ukavunjika, ncha yake ikachungulia nje ya ngozi, kisha ikarudi ndani kama mtu aliyefungua mlango na kukuta wageni asiowataka. Ikaacha tundu dogo kama punje ya hindi. Tundu hilo wote waliliona na hakuna aliyelijali. Watu walikuwa wamekuja kutazama mguu mzima, siyo tundu.

Severina, mkewe, aliitwa kutoka gulioni alikokuwa akiuza mchele. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mwanamke wa maneno machache na yote makali, aliyeolewa na Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alimkuta mumewe kitandani, jasho linamtoka, na chumba kimejaa watu hadi dirishani.

"Poleni," alisema. "Sasa nani kati yenu ni daktari?"

Hakuna aliyejibu, maana wote walikuwa katikati ya kazi. Mmoja alisema mguu ukandwe kwa maji ya moto. Mwingine akasema maji ya baridi. Wa tatu alikuwa na shangazi aliyepona kwa mafuta ya kondoo, na wa nne alikuwa na jirani aliyekufa kwa mafuta hayo hayo, wakaanza kugombana juu ya kondoo.

"Hospitali hapana," alisema Limbu, kaka mkubwa wa Budeba, mtu aliyezoea kusema neno la mwisho hata pale ambapo la kwanza halijasemwa. "Shemeji, nakwambia mapema. Mtu anaingia kule na miguu miwili, anatoka na mmoja na fimbo."

"Nani huyo?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Yupo mtu wa Igurusi. Mguu mmoja. Nimemwona kwa macho yangu haya."

"Na mimi kaka yangu Tadeo aliteleza akavunjika, wakamfunga plasta hospitalini Iringa, leo analima kuliko wewe."

Hapo ndipo alipoingilia kati Mbuke, mama yake Budeba na Limbu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda miguuni pa kitanda, akimkanda mwanawe nyayo.

"Tadeo alivunjika nini, mkamwana?"

"Mkono, mayu," alijibu Severina, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama.

"Na mfupa ulitoka nje?"

"Haukutoka."

"Basi siku Budeba akivunjika mkono usiotoka mfupa tutamfuata Tadeo. Leo tuna mguu."

Mama mkwe alikuwa amesema kweli, na kukubali kwamba mama mkwe amesema kweli ni ugonjwa usio na dawa, hospitali wala porini. Severina alikuwa na ushahidi wa mtu mmoja, sawasawa na Limbu. Tofauti ni kwamba wake ulikuwa mtu wa kwao.

Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyemwuliza Budeba. Alilala katikati yao kama dume la mnadani, wanunuzi wanabishana, yeye anatazama paa.

Limbu akapanda baiskeli, akarudi na mzee Jailos.

Mzee Jailos alikuwa Msangu, fundi wa kuunga mifupa, na jina lake lilijulikana kutoka Chimala hadi Rujewa. Hakuwa tapeli. Mikono yake ilikuwa mizuri. Aliupapasa mguu taratibu, akaunyoosha kwa mvuto mmoja huku wanaume wanne wakimshika Budeba, akaupaka dawa yake nyeusi ya majani na mizizi, juu ya lile tundu vilevile, kisha akaufunga kwa mabanzi ya mwanzi na kamba za magome, barabara. Halafu akaomba kuku.

Kila mtu alijua kuku ni wa nini isipokuwa Severina, aliyedhani mzee ana njaa. Jailos alimshika yule kuku, akamvunja mguu wa kulia mahali pale pale alipovunjika Budeba, akampaka dawa ile ile, akamfunga vibanzi vidogo vya mwanzi ule ule.

"Siku kuku huyu atakaposimama," alitangaza, "mgonjwa naye atasimama."

Watu wakaguna kwa heshima. Severina alimtazama kuku, akamtazama mumewe. Ukweli ni kwamba jambo lile lilimpendeza kidogo. Kati ya wote waliojaza chumba chake tangu mchana, huyu mzee peke yake alikuwa ameleta kitu cha kutazama badala ya shangazi.

"Mzee Jailos," alisema, "kuku akisimama tutajua dawa imefanya kazi?"

"Hutajua, utaona."

"Na kuku asiyepakwa dawa hasimami?"

Jailos alikuna kidevu. "Hilo sijui. Kuku asiyepakwa dawa hupikwa."

Severina akatoka. Akarudi na kuku wa pili, ndugu yake yule wa kwanza, wa kutotolewa pamoja. "Mvunje huyu hapa hapa. Mfunge vilevile. Dawa usimpake."

"Shemeji!" Limbu aliruka. "Unataka kumloga ndugu yangu kwa kuku?"

"Kama kuku mmoja anaweza kumponya, wawili watamdhuru nini?"

Jailos alicheka hadi mabega yakatikisika. "Miaka yangu yote ya kazi hii hakuna aliyeniletea kuku wa pili. Mlete, mama." Akafanya kama alivyoombwa, kwa uaminifu, kamba kwa kamba. Severina akamfunga kuku wa pili uzi mwekundu shingoni, wote wawili wakafunikwa tenga pembeni ya jiko.

Basi ikaanza kazi ya kuuguza kuku.

Wageni walikuja asubuhi na jioni. Walibisha hodi, wakasalimu, na kabla hawajakaa wakauliza, "Kuku anaendeleaje?" Walioleta kitu waliwaletea kuku: pumba, mtama, ganda la tikiti. Budeba aliletewa ushauri. Balozi wa nyumba kumi alichuchumaa mbele ya tenga muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma taarifa ya serikali, akaondoka bila kuingia ndani. Limbu alikuwa akimwinua kuku wake kila siku kumpima uzito. Alimwita "wetu". Yule wa uzi mwekundu alimwita "wa shemeji", na akipita karibu yake alimgeuzia mgongo.

"Severina," Budeba aliita asubuhi moja kutoka chumbani, sauti imekauka, "hao kuku wamekula?"

"Wamekula kukushinda."

"Waambie waharakishe. Mguu unawaka."

Severina alitaka kulegeza kamba. Limbu alikataa: mabanzi ya Budeba yakilegezwa, alisema, kuku atayumba. Vidole vya Budeba vilikuwa vimevimba vikang'aa kama vitunguu. Chini ya mabanzi palianza kutoka harufu ambayo kila mtu aliisikia na kila mtu akasema ni dawa inafanya kazi.

Wiki mbili zikapita. Ikaja asubuhi yenye ukungu kutoka milimani, Severina akafunua tenga, na kuku wa Limbu akatoka akisimama kwa miguu miwili. Limbu alipiga yowe lililofika stesheni. Watu wakatoka majumbani. Alikuwa bado anashangilia wakati kuku wa uzi mwekundu, asiyepakwa hata tone la dawa, alipotoka nyuma ya mwenzake, akasimama vilevile, akamnyang'anya punje ya mtama.

Watu wakaacha kushangilia, wakamgeukia Limbu.

"Dawa ya mzee ni kali," alisema Limbu alipopata sauti. "Imemfikia na wa pili kwa hewa. Si walilala tenga moja?"

"Kama imevuka hewani kwa kuku," alisema Severina, "Budeba aliyepakwa mwilini angekuwa anacheza ngoma."

"Basi na acheze! Kuku amesimama, yeye anangoja nini?"

Na kabla Severina hajamaliza kuvuta pumzi, Limbu na wanaume wawili walikuwa ndani, wamemshika Budeba makwapa, wanamwinua. Mguu uligusa sakafu. Mlio aliotoa Budeba uliwafukuza kuku wote wawili hadi kwa jirani. Walipomrudisha kitandani alikuwa amepauka, ngozi inaunguza, na chini ya mabanzi palikuwa pamelowa usaha.

Limbu alisimama akipangusa mikono. Alikuwa mtu anayempenda ndugu yake, lazima hilo lisemwe. Ila alikuwa amempenda na kuku. "Sasa Budeba," alisema kwa huzuni ya kweli, "mbona unamwangusha mwenzako?"

Severina alichukua kisu, akakata kamba za mabanzi. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Lile tundu la punje ya hindi sasa lilikuwa ukubwa wa kisoda, na kingo zake zilikuwa za kijani.

"Tumewauliza kuku," alisema. "Wamejibu kwamba kuku hupona. Sasa tuulize watu."

"Utawauliza watu wako wa Iringa," alisema Mbuke.

"Nitauliza gulioni, mayu. Leo ni siku ya gulio, kila kijiji kitapita mbele ya mchele wangu. Na wewe utakaa nami, usije ukasema nimechagua."

Mbuke akachukua kigoda chake. "Nitakaa. Maana utachagua."

Ndivyo walivyokaa, mkamwana na mama mkwe ambao hawakuwahi kukaa pamoja zaidi ya muda wa kupika chungu kimoja cha ugali, mbele ya magunia ya mchele, na bakuli mbili katikati yao. Bakuli moja ya Jailos, nyingine ya hospitali. Aliyetibiwa akapona na kutembea, harage. Aliyekufa, aliyekatwa au aliyebaki kitandani, punje ya hindi. Hilo la punje lilikuwa wazo la Mbuke. Alisema hawezi kuamini hesabu iliyo kichwani mwa mtu mwenye hasira.

Mwanzoni walipata maharage tu. Kila aliyepita alikuwa na mtu aliyepona kwa Jailos, na alimsimulia mpaka mchele wake ukapimwa na kumwagwa kikapuni. Bakuli ya Jailos ikajaa. Mbuke alianza kutabasamu.

"Mnauliza vibaya," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja kibaba chake. Aliitwa Regina, jirani yao wa nyumba ya tatu, na katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kumtaja mdogo wake. "Mnauliza nani alipona. Aliyepona humpelekea Jailos mbuzi kwa vigelegele. Mdogo wangu alifungwa na Jailos mwaka juzi, mguu una jeraha. Tulimzika huko kwetu. Sisi tukimwona Jailos njiani tunapita nyuma ya nyumba, tusimtie aibu mzee wa watu."

"Mbona hukusema siku Budeba alipovunjika?" Severina aliuliza. "Ulikuja. Ulileta pumba."

"Hakuna aliyeniuliza. Wote mlikuwa mnatazama kuku."

Mbuke aliacha kutabasamu. Akaokota punje ya hindi, akaitia mwenyewe kwenye bakuli ya Jailos. Kuanzia hapo swali likabadilika. Hawakuuliza tena nani alipona. Waliuliza: kwenu, nani alivunjika? Alipelekwa wapi? Yuko wapi leo? Na punje za mahindi, zilizokuwa zimejificha vijijini kwa adabu, zikaanza kuja.

Kwa hospitali mambo yalikuwa kinyume. Hapo kila mtu alijua aliyekatwa na hakuna aliyemkumbuka aliyepona, kwa sababu aliyepona alikuwa anatembea tu kama watu wengine, na nani humsimulia mtu anayetembea? Mwishowe akapita yule wa Igurusi mwenyewe, mguu mmoja na fimbo, jina lake Eliezeri. Severina nusura amkumbatie.

"Walikukata hospitali?"

"Walinikata."

"Umesikia, mkamwana," alisema Mbuke.

"Ulikwenda lini baada ya kuvunjika?" Severina akamwuliza Eliezeri.

Eliezeri akahesabu kichwani. "Nilikaa nyumbani mwezi mzima. Nilipofika mguu ulikuwa mweusi kama sufuria. Daktari alinitukana kabla ya kunipa pole." Akanunua mchele wake. "Ila shemeji yako Limbu anapenda sana kunionyesha kwa watu. Mwambie siku moja aniulize habari."

Jua lilipoanza kushuka, Mbuke alizivuta bakuli zote mbili. "Hizi ni takataka," alisema. "Humu mna mikono, mna vidole, mna mbavu. Budeba ana mguu, na mguu una jeraha. Wasiofanana naye watoke."

Severina alimtazama mama mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa. Wakaanza kutoa. Mikono ilitoka, miguu isiyo na jeraha ikatoka. Na katika hiyo iliyotoka Jailos alikuwa na maharage mengi, ya kujivunia. Zilipobaki zile za mfupa uliochungulia nje, zilikuwa chache katika bakuli zote mbili. Ya Jailos ilikuwa na harage moja lililozungukwa na mahindi. Ya hospitali ilikuwa mchanganyiko: maharage yalizidi, lakini mahindi yalikuwepo, na hakuna aliyejifanya hayaoni.

"Siyo nyingi," alisema Severina.

"Siyo nyingi," alisema Mbuke. "Lakini zinafanana na mwanangu."

Wakampitia Jailos njiani. Alikuwa ameshasikia, gulioni habari hutangulia miguu. Hakukasirika. "Mkono nipe, nitaufunga. Mguu uliovunjikia ndani ya ngozi, nipe. Uliotoka nje siupendi, hufa na watu."

"Na Budeba ulimfunga!" alisema Mbuke.

"Limbu alinileta kwa baiskeli mbele ya kijiji kizima, kuku yuko tayari. Mngeniuliza wangapi walinishinda, ningewaambia. Watu huniuliza wangapi wamepona tu."

Nyumbani Severina alikaa kando ya kitanda, akamwambia mumewe yote, maharage na mahindi, bila kupunguza. Limbu alisimama mlangoni amenuna. Budeba alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa unasemaje?" mkewe akamwuliza.

Budeba aligeuza kichwa kuona anayeulizwa. "Mimi?"

"Mguu ni wa nani? Wa Limbu?"

"Kuku ndio walikuwa wanaulizwa," alisema Budeba. "Nilidhani nangoja zamu." Akafumba macho. "Nipelekeni hospitali."

Asubuhi wakasimamisha lori lililokuwa linatoka Iringa kwenda Mbeya na shehena ya mbao, wakamlaza juu ya mbao, Severina upande mmoja, Limbu upande mwingine. Limbu alisema anakwenda kuhakikisha hakuna anayekata kitu.

Katika hospitali kubwa ya Mbeya walimkuta daktari kijana aliyeitwa Crispin, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitazama mguu, akanusa, akageuka kwa mwuguzi. "Huu tunakata. Leo. Ndugu yake aweke dole gumba kwenye karatasi hii ya kuruhusu."

"Si niliwaambia!" Limbu aliruka. "Si niliwaambia!"

"Daktari," alisema Severina, "umewahi kuona miguu kama huu?"

"Kila wiki, mama. Mnawatibu kwanza nyumbani, mkichoka mnaniletea mimi."

"Ni kweli, na pole. Sasa hiyo ya kila wiki, uliyoikata na uliyojaribu kuiacha, wako wapi leo wenye nayo?"

Crispin akamtazama vizuri. "Wewe ni mwuguzi?"

"Nauza mchele."

"Mama, kuna wagonjwa themanini wodini. Sina nafasi ya darsa."

"Nami nina mume mmoja. Nikuulize wewe au nimtafute kuku?"

Hilo la kuku hakulielewa, lakini lilimfanya akae. Labda alikuwa anatafuta tu sababu ya kukaa. Akaugusa tena mguu, akabonyeza vidole kimoja kimoja, akasubiri damu irudi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Bado una joto. Hilo ni jema. Haya, sikilizeni. Walimu wetu waliwafuatilia wagonjwa wa namna hii, tukasomeshwa walichoona, na hapa nasi tumelinganisha wetu. Tukikata leo, karibu wote hupona, na wote wanakosa mguu. Tukiusafisha, tukauacha wazi, tukampiga sindano na kumfunga plasta yenye dirisha la kusafishia kidonda, zaidi kidogo ya nusu yao huondoka na mguu. Unakuwa mfupi, unachechemea, lakini mguu. Wengine hukatwa baadaye, juu zaidi. Na wachache sumu huingia kwenye damu, tunawazika. Hao wachache ndio wanaonifanya niseme kata."

"Sasa hiyo ni habari," alisema Severina. "Mbona ulianza na dole gumba?"

"Kwa sababu hakuna anayeuliza. Wanalia au wanakimbia."

"Mimi nasema..." Limbu alianza.

"Wewe ulimsemea kuku," alisema Severina. "Huyu ana mdomo."

Wote wakamgeukia Budeba. Alikuwa akitetemeka kwa homa, lakini macho yake yalikuwa wazi. Severina alikuwa na jibu lake tayari kifuani. Alitaka wakate, alitaka arudi na mtu hai hata kama ni nusu ya miguu yake. Aliuma meno asilitoe. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya tangu siku ya treni, na hakuna aliyempa hata pole.

"Daktari," alisema Budeba, "nikisubiri, nitajuaje kwamba nimechelewa?"

"Vidole vitapoa. Au rangi itageuka. Au homa itapanda badala ya kushuka. Nitatazama asubuhi na jioni."

"Mimi nachunga ng'ombe. Bila mguu nitachunga kwa macho tu, na ng'ombe wanajua." Akakusanya pumzi. "Subirini. Lakini vidole vikipoa kateni, msiniulize tena wala msimwulize Limbu. Mtakuwa mmeshajibiwa."

Crispin akaikunja ile karatasi. Limbu akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia waziwazi kama mtoto, na Severina akamwacha, maana mtu akilia hawezi kutoa ushauri.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Homa ilipanda mara moja, Crispin akaita watu wa chumba cha upasuaji, kisha ikashuka kabla hawajamaliza kuchemsha vyombo. Severina alilala barazani kwenye baridi ya Mbeya pamoja na wake wa wagonjwa wengine, akapika uji asubuhi, na kila alipoingia wodini alishika vidole vya mumewe kabla ya kumsalimu. Vilibaki na joto. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, kisha kidogo, kisha kimoja kati ya vidonda vya kawaida ambavyo wauguzi husafisha wakizungumza habari za sukari kuadimika.

Mvua zilipoanza, Budeba alirudi Chimala kwa magongo. Baadaye akayaacha, akabaki na fimbo ambayo hata hivyo mchungaji huwa nayo. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kidogo. Ng'ombe walimzoea kabla ya watu.

Mngedhani habari imekwisha hapo. Haikwisha, kwa sababu Limbu alikuwa ameokoka. Hakuna mtu aliyeisifu hospitali kuliko yeye. Alimtembeza Budeba vijijini kama alivyokuwa akimwonyesha Eliezeri wa Igurusi. "Mnamwona huyu? Hospitali! Mwenye jino, hospitali! Mwenye kikohozi, hospitali! Waganga wote ni waongo."

Siku moja Regina akateleza kwenye tope akavunjika mkono, karibu na kifundo. Severina alipofika, Limbu alikuwa amesimama katikati ya barabara kuu, mikono juu, amesimamisha lori la kwenda Mbeya.

"Mfupa umetoka nje?" Severina aliuliza.

"Haukutoka," alisema Regina.

"Vidole unavichezesha?"

Akavichezesha.

"Huyu ni wa Jailos," alisema Mbuke kutoka nyuma. "Mikono tuliihesabu. Ilikuwa maharage matupu."

"Mayu!" Limbu alishika kichwa. "Hospitali imempa mwanao mguu, nanyi mnaitukana? Si mmemwona Budeba?"

"Budeba ni mguu mmoja wenye jeraha," alisema Severina. "Hapa tuna mkono. Na dereva anapiga honi, mwachie aende au ukatibiwe wewe."

Budeba alikuja akichechemea kutoka zizini, akawapita wote, akasimama mbele ya Regina. Akamweleza yote mawili: waliotibiwa na Jailos walipata nini, wa hospitali walipata nini, safari ni ndefu kiasi gani, na kwamba akifungwa huku vidole vikifa ganzi, kamba zikatwe siku hiyo hiyo bila kumngoja mtu.

"Sasa wewe unataka nini?"

Regina akawatazama wote kwa mshangao uleule ambao Budeba alikuwa nao kitandani. Akauinua mkono wake usiovunjika, akamwonyesha dereva aende zake.

"Jailos," alisema. "Lakini asikaze."

Limbu alisimama kidogo akilitazama lori likiondoka. Hakuwa mtu wa kukaa bila kazi. Mzee anakuja, akakumbuka, na mzee atahitaji kuku. Akageuka kuelekea jikoni kwa Severina, mikono imetangulia mbele. Kuku wake na yule wa uzi mwekundu walikuwa wakichakura pale mlangoni. Walimwona, wakautambua ule uso, wakakimbia wote wawili chini ya ghala, kwa miguu yote minne, mizima.